Mama Kadi na Wale Wasiokuwepo

Kabla hajaitwa Mama Kadi aliitwa Bi Mgongo, na jina hilo alilistahili. Miaka yote aliyofundisha takwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kitu walichokijua zaidi kwake kilikuwa mgongo: mgongo wa gauni la kitambaa kizito, juu yake kisogo chenye kibanio cha nywele, na pembeni mkono wa kulia ukiandika ubaoni bila kupumua. Aliandika kutoka pembe hadi pembe, akafuta, akaandika tena. Nyuma yake mamia ya kalamu zilimkimbilia kama kuku wanaomfuata mwenye mahindi. Mwisho wa kipindi aligeuka, chaki imefika hadi kwenye nyusi, akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Mlango ukafungwa. Watu wakaenda kula.

Hakuwa mwalimu mbaya. Naye alifundishwa hivyo hivyo, na profesa mmoja wa hisabati ambaye bado alikuwapo idarani, mzee mkavu, nadhifu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Wanafunzi wa kila rika walimwita Mzee Thibitisha, maana hata ukimwambia nje mvua inanyesha, atakwambia thibitisha. Mzee huyo aliandika ubaoni, yeye akanakili. Zamu yake ilipofika akaandika, wengine wakanakili. Aliona ndivyo elimu inavyosafiri, kutoka mkono hadi mkono, bila kusumbua kichwa cha mtu njiani.

Kilichomharibia amani hiyo ni benki. Siku moja alisimama mbele ya dirisha la karani, na karani akamwangalia, uso ukamchanua. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Akawatangazia wenzake wa madirisha ya jirani kwamba huyu mama ndiye aliyemfundisha takwimu, na kwamba alipata alama ya juu kabisa. Mwalimu akavimba kichwa, si kidogo. Huku karani akigonga mihuri, akamuuliza, kwa kuzungumza tu, kama bado anakumbuka kwa nini wastani wa mishahara unaweza kumdanganya mtu. Karani akasimamisha muhuri hewani. Akaangalia dari, kana kwamba jibu limebandikwa huko juu.

"Nilikuwa naijua, Mwalimu," akasema kwa upole. "Ile siku ya mtihani nilikuwa naijua vizuri sana."

Alicheka njia nzima hadi nyumbani. Akiwa anavua viatu mlangoni, kicheko kikakatika. Tangu hapo ikawa ugonjwa. Akiingia duka la dawa na kumkuta mwanafunzi wake wa zamani, anauliza. Akipeleka gari kwa fundi na kukuta mwenye gereji alisoma kwake, anauliza. Wote walipata alama nzuri, wote walimpenda, na wote waliangalia dari. Mume wake, muuguzi wa hospitali, mtu mpole asiyekosa la kutania, akamsihi aache kuwapima watu ambao hawakuja kupimwa.

Hakuacha kupima, ila aliacha ubao. Likizo nzima ndefu alilivunja somo lake na kulijenga upya, na meza ya chakula ikageuka karakana ya makaratasi. Walikaa watatu kukata kadi: yeye, mumewe aliyekata kwa mstari ulionyooka kama wa bandeji, na kitinda mimba wao, binti aliyekuwa anaingia chuo mwaka huo huo. Binti alichagua uchumi, na mtu wa uchumi hapiti bila takwimu za mwaka wa kwanza, maana yake hapiti bila mama yake. Kitinda alikata kadi za kijani akiguna. Mama yake alidhani anaguna kwa sababu ya mkasi.

Ukumbi wenyewe ulijengwa kwa ajili ya watu kunyamaza. Viti vilifungwa kwa bolti sakafuni, safu juu ya safu, vyote vikikodolea macho ubao. Huwezi kusogeza kiti, basi akasogeza watu. Safu ya kwanza iligeuka nyuma, ikapiga magoti juu ya viti, ikatazamana na safu ya pili. Ya tatu ikageukia ya nne. Na hivyo hivyo hadi juu karibu na taa. Kila wanne wakawa kundi. Swali likatokea ukutani lenye majibu manne, kila jibu na rangi yake. Mfano: ndani ya lifti mna makarani watano, anaingia mwenye kampuni, wastani wa mishahara umefanya nini, na ni karani yupi aliyetajirika? Kwanza kila mtu anafikiri peke yake, kimya. Kisha kadi juu. Mwalimu hasemi nani kapata wala nani kakosa. Anasema tu, mgeukie jirani yako, umshawishi. Na akawapa kauli moja ya kufungulia kila kipindi: hapa ndani, kosea kwa sauti.

Siku ya kwanza walimtazama kama mtu aliyeamkia upande mbaya wa kitanda. Siku ya pili mmoja akabisha. Siku ya tatu wakabisha wote. Wasaidizi wake, wanafunzi wa mwaka wa tatu waliovaa fulana za njano, walipanda na kushuka ngazi wakitega masikio kwenye makundi, na kelele zikawa kelele za soko siku ya mzigo mpya. Kisha kadi zikainuka tena, na hapo ndipo mama wa watu alipokaribia kulia: rangi zilihama. Nyekundu ilififia kona ya kushoto, kijani ikachipua katikati, ikapanda safu hadi safu kama majani baada ya mvua, naye hakuwa ameandika hata herufi moja.

Wiki hiyo hiyo mlinzi mkuu wa chuo alifika mbio, rungu mkononi na vijana wake nyuma, kwa kuwa ameambiwa ukumbi mkubwa umeanza mgomo. Akafungua mlango kwa kishindo. Akasikia mtu akimfokea mwenzake kwamba wastani umepanda lakini makarani ni walewale, na mwenzake akimjibu kwamba kama ni hivyo basi wastani ni mwongo na ashtakiwe. Mlinzi akamuuliza aliyekuwa karibu ni nani anapigana. Akajibiwa kwamba hapana, tunasoma. Alisimama hapo mlangoni hadi kipindi kikaisha, na alipotoka aliwaambia vijana wake kwamba yeye, kwa maoni yake, angemshusha tajiri kwenye lifti.

Basi jina la Bi Mgongo likafa bila matanga, akazaliwa Mama Kadi. Alitembea chuoni kama msichana aliyepokea barua ya posa. Aliimba jikoni. Mumewe akirudi kutoka zamu anakuta wali umeungua na mkewe anachora viduara kwenye unga uliomwagika. Akimuuliza vipi, anajibiwa, "Wamebishana leo, mume wangu, wamebishana hadi mmoja amekauka sauti," kwa furaha ambayo wengine huileta wakisema mtoto amepona.

Mkuu wa idara alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Nyumbani walitaniana hadi watoto wakaona aibu. Kazini aliitwa Mkuu, naye akamwita Mwalimu, na utani ukabaki chini ya meza. Katikati ya muhula Mkuu alimwita ofisini akafunga mlango. Mhadhiri wa sheria wa ukumbi wa jirani alikuwa amelalamika juu ya kelele. Wengine walisema mwalimu asiyefundisha anakula mshahara wa bure. Mzee Thibitisha hakusema mengi. Alisema tu kwamba kufurahi si kujua. Na kikao cha idara, pamoja na wawakilishi wa idara jirani, kingeamua kabla muhula haujaisha.

"Alama za jaribio zimepanda, hilo hawabishi," shemeji akamwambia. "Wanachotaka kujua ni kitu kimoja. Je, zaidi ya nusu ya wanafunzi wako wote wanataka somo libaki hivi? Ukiniletea hilo nasimama na wewe. Ukikosa, muhula ujao unarudi ubaoni, na mimi siwezi kukukingia kifua."

Kurudi ubaoni. Alitoka pale akaona mgongo wake mwenyewe, kibanio na kila kitu, ukimsubiri mbele ya ukuta. Lakini hofu haikukaa. Zaidi ya nusu? Hao wanaokauka sauti kwa kubishana? Asubuhi iliyofuata akawauliza ukumbini: anayetaka tuendelee hivi, kijani, anayetaka turudi kama zamani, nyekundu. Ukumbi mzima ukawa bustani. Nyekundu zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Akapiga picha kwa simu, akakimbia, kweli alikimbia, mama wa makamo na viatu vya kisigino, hadi ofisi ya shemeji, akamwekea simu mezani na kutangaza kwamba ni tisa kati ya kumi.

Shemeji akaichukua simu. Akaikuza picha kwa vidole, akaipeleka huku na huku, akatabasamu.

"Picha nzuri. Waliosajiliwa somo lako ni wangapi?"

"Mia nane na ushee."

"Na ukumbi unachukua?"

"Mia tano, na kidogo wakibanana..."

"Ile picha ya wengine, shemeji, iko kwenye simu gani?"

Hicho ndicho Mama Kadi alichofundisha kila mwaka kabla hata wanafunzi hawajajua njia ya maktaba: usiulize walio kwenye karamu peke yao kama chakula kitamu, waulize na walioondoka. Wanaokuja ndio wanaopenda. Wasiopenda wameingia mitini, na waliojificha hawana kadi. Alifundisha hivyo kwa ubao, akafundisha hivyo kwa kadi, kisha furaha ikampofusha, akaenda akafanya lile lile. Kicheko kikaanzia tumboni. Akacheka hadi akaishiwa nguvu, akakaa chini sakafuni kwenye zulia la ofisi ya serikali, na shemeji, kwa kuogopa katibu muhtasi asije akaingia, akakaa chini pia wakacheka wote.

Alipotoka pale alikuwa na mpango. Kipindi kilichofuata aliibandika picha ile ukutani, kubwa, na chini yake swali: Mwalimu amekosea wapi? Ukumbi ulikaribia kung'oa bolti. Hawakuwahi kupewa kosa tamu namna hiyo. Walimchambua kama samaki. Kisha akawaambia ukweli wote, kwamba somo lenyewe linaning'inia, na kwamba kutoka sasa kutafuta jibu la haki ndiyo kazi yao ya muhula.

Wakabishana tena. Mmoja akataka watumiane ujumbe. Akaambiwa watajibu wapendao kujibu. Mwingine akataka kila mtu amlete rafiki yake mtoro. Akaambiwa marafiki wa wapenda kelele ni wapenda kelele. Mwisho wakakubaliana. Kompyuta ichague namba themanini kutoka orodha ya wote waliosajiliwa, kwa bahati nasibu, wavivu na wenye bidii ndani ya chungu kimoja. Aliyechaguliwa akiwa ukumbini, anajibu hapo hapo. Asiyeonekana ukumbini anafuatwa popote alipo na watu wawili, na jibu lake linaingia kwenye sanduku lililofungwa, bila jina. Na sheria moja isiyovunjwa: hakuna kubadilisha mtu. Ukimkosa, humchukui jirani yake. Unamtafuta yeye.

Wiki hiyo mji ulipekuliwa. Mtoro mmoja alikutwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, akajibu hivyo hivyo. Kinyozi naye akataka kujibu, akakataliwa kwa heshima kwa kuwa hakuchaguliwa, akanuna. Mwingine alikutwa kwenye kiwanda cha mikate anakolala mchana baada ya zamu, akajibu amefumba macho, kisha akafumbua moja kuhakikisha wameandika sawa. Binti mmoja alipowaona wawili wanamjia na sanduku alidhani wametumwa na ofisi ya mitihani, akapita dirishani. Wakamfuata uchochoro kwa uchochoro wakimwita kwamba hawana ubaya naye, wanataka tu maoni. Kila jioni wawindaji walirudi kwa Mama Kadi na vumbi na hadithi, naye alikaa roho juu, hajui kama acheke au asali.

Jumamosi asubuhi alikuwa nyumbani na gauni lake la kushindia lenye doa la chai. Mumewe alipiga pasi sare ya kazini. Kukabishwa hodi. Alipofungua, walisimama mbele yake kijana mrefu na msichana mwenye miwani mikubwa, wote wanafunzi wake, na sanduku katikati yao. Wote watatu walishtuka kwa pamoja. Vijana wakatoa shikamoo kwa sauti moja, wakaangalia namba ya nyumba, wakaangaliana.

"Mwalimu, samahani," msichana akasema. "Tulielekezwa tu mtaa na nyumba. Tumemfuata... tumefuata sampuli."

Ilimchukua muda kuelewa, maana akili hukataa kuingia kwenye vyumba fulani. Waliokuwa wakihudhuria walijibia ukumbini. Wanaofuatwa majumbani ni wale wasioonekana. Na nyumba hii ilikuwa na mwanafunzi mmoja tu. Asubuhi zote zile ambazo Kitinda alitoka na mkoba akiaga kwamba anawahi takwimu! Yeye mama, mbele ya mamia ya nyuso, alijiambia kwamba mtoto anakaa juu kabisa karibu na taa, anaona haya kujulikana. Hakuwahi kumtafuta kwa macho. Alikuwa anatazama rangi.

Kijana mrefu aliinua sanduku kama anayetaka kuondoka. Akapendekeza, kwa nia njema kabisa, kwamba labda kwa hali ilivyo wamruke huyu, wachague mwingine hapo mtaani, na yeye hatamwambia mtu. Mama Kadi akamwangalia. Moyoni mwake mzazi alitaka kumwambia ndiyo, nendeni. Somo lote lilikuwa linaning'inia, na sasa mtoro wa ndani kabisa, wa damu yake, aulizwe kama linafaa?

"Sheria mlitunga wenyewe," akasema. "Ingieni. Mimi natoka."

Mumewe akamshika mkono akampeleka nje hadi kwenye ngazi za nyuma, karibu na tangi la maji, kama anavyowatoa ndugu wa mgonjwa wodini. Ndani Kitinda aliamshwa. Kisha sauti ndogo, kisha kicheko cha watu watatu, kirefu. Mama Kadi akanyanyuka kusogelea dirisha. Mumewe akamvuta gauni akakaa tena.

"Upendeleo, mke wangu," akamwambia. "Unaharibu sampuli."

Alimpiga kofi la begani na kujifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika, na mume hakujua mara moja kama ni kilio au kicheko; wala yeye mwenyewe hakujua.

Wageni walipoondoka, Kitinda alikuja akakaa ngazi ya chini yao, nywele hazijachanwa. Alisema haraka kwamba asiulizwe amejibu nini. Mama akasema haulizi.

"Lakini unataka kujua kwa nini siji."

"Hilo nataka."

Binti akachokonoa kucha. "Siku ya kwanza ulisema mgeukie jirani mbishane. Nikageuka. Jirani akaniambia, wewe si mtoto wa Mwalimu, tupe jibu basi. Nikanyanyua kadi nyekundu. Mama, nilikosea, na safu zote za nyuma wakaiona ile kadi iko juu ya kichwa changu, wakacheka hadi wakagonga viti. Unawaambia kosea kwa sauti. Mimi peke yangu ndiye siruhusiwi kukosea humo ndani."

Mama Kadi alimvuta kichwa akakilaza gotini, akaanza kumchana nywele kwa vidole, mwanamke aliyefundisha maelfu, akijifunza kitu kimoja polepole. Kisha akauliza, je, kama kadi ingekunjwa ndogo, ikashikwa kifuani, ikaonyesha rangi yake mbele tu, safu za nyuma wangeona nini? Kitinda akafikiri. Akasema wangeona kisogo. Baba akaenda kuleta kadi za akiba, na wote watatu wakaanza kukunja na kushikilia vifuani, wakijitazama kwenye kioo cha kabati kama watu wanaojaribu nguo mpya, hadi pasi iliyosahauliwa ikatoboa sare ya muuguzi.

Sanduku lilifunguliwa ukumbini mbele ya wote. Katika themanini, watatu hawakupatikana kabisa, mji uliwameza. Sabini na saba walijibu. Wasaidizi walisoma moja moja, na ukumbi ukahesabu kwa sauti kama watu wanaovuta kamba. Kijani arobaini na saba. Sita kati ya kumi, si tisa. Wakapiga hesabu ya kiasi gani bahati nasibu inaweza kuwa imewadanganya, na mpaka wa chini, yaani kiwango cha chini kabisa cha wanaolitaka somo, ukaangukia juu ya nusu, juu kwa unywele. Jibu moja lingebadilika, mpaka ule ungetumbukia. Jibu moja. Mama Kadi alilala na jibu hilo moja na kuamka nalo. Mumewe alimkataza kumwangalia mtoto usoni wakati wa chai.

Pamoja na majibu kulikuwa na sababu. Wengi walisema walichosema Kitinda kwa maneno yao: kadi ya kichwani inamvua mtu nguo. Wengine hufanya kazi asubuhi. Mmoja alisema anapenda kila kitu isipokuwa magoti yake. Mama Kadi alizichukua zote akazifanyia kazi.

Siku ya kikao alivaa gauni lake zito, akaingia, lakini hakufungua kwa takwimu. Aliomba waheshimiwa, kabla hajawaambia jibu, wakisie: anayedhani zaidi ya nusu ya wanafunzi wanalitaka somo hili asimame ukuta wa dirisha, anayedhani hapana, ukuta wa mlango. Wakaangaliana. Shemeji akainuka kwanza, akiwa anajizuia kucheka. Mhadhiri wa sheria akaenda mlangoni. Mzee Thibitisha alikataa kusimama kwa sababu ya miaka yake, akaburuta kiti chake hadi ukuta wa mlango akakaa. Halafu akawaomba, kila mmoja amgeukie wa ukuta wa pili amshawishi.

Kikao hakikuwahi kusikia kelele kama zile. Mhadhiri wa sheria alinyoosha kidole, mwalimu wa uchumi akampandia juu, karani wa kikao akaacha kalamu. Alipowaonyesha jibu, wakataka kujua limepatikanaje, na alipowaeleza ile sheria ya kutobadilisha mtu, na mtoro wa dirishani, na kwamba mmoja wa waliofuatwa alikuwa mwanawe wa kumzaa, na kwamba mpaka leo yeye mama hajui alijibu nini, karani akaishika tena kalamu.

"Na wale watatu wasiopatikana?" Mzee Thibitisha akauliza.

"Tuseme wote watatu wanalikataa," akamjibu. "Waliolitaka bado ni zaidi ya nusu ya tuliowachagua. Lakini mpaka wangu wa chini unaanguka, Mwalimu wangu. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Shemeji akasema basi wapige kura, na kwa kuwa wamekwisha simama, wapige kwa kuta: dirishani liendelee, pamoja na marekebisho ya kadi za kifuani na kipindi cha pili cha alasiri, mlangoni lirudi ubaoni. Mama Kadi akageukia ubao mtupu asione. Akasikia viatu. Akasikia watu wakipishana, mtu akiomba radhi kwa kukanyaga. Kisha akasikia miguu ya kiti ikiburutwa sakafuni, kwa taabu, kutoka upande mmoja wa chumba hadi wa pili. Akageuka.

"Namba zako zinachechemea," Mzee Thibitisha akamwambia, akiwa amekaa chini ya dirisha, kifungo cha shingoni kimefunguka. "Lakini hukuzificha mguu. Nami nimehudhuria kikao hiki tangu nywele zangu nyeusi, na leo ndiyo siku ya kwanza sijasinzia."

Mlangoni alibaki mhadhiri wa sheria na mwingine mmoja, nao walikuwa bado wanabishana, lakini wao kwa wao. Mama Kadi akasahau yuko wapi. Akamkumbatia Mkuu wa idara, akamwita shemeji mbele ya kadamnasi, akampa mkono kila mtu mara mbili, na karani wa kikao akauliza kwa unyenyekevu hayo nayo yaandikwe kwa maneno gani.

Alipiga simu nyumbani akiwa kwenye ngazi, viatu mkononi. Akapokea Kitinda. Akamwambia imepita. Binti akapiga ukelele uliomfanya aisogeze simu mbali na sikio, kisha akatulia.

"Basi sasa naweza kukwambia nilijibu nini."

"Usiniambie."

"Hata sasa?"

"Hata nikizeeka. Nitakaa naihesabu."

Kitinda akacheka.

"Mama," akasema, "nilitaka kuja kesho. Kwani somo lenyewe linaanza saa ngapi?"

Mama Kadi akakaa kwenye ngazi, hapo hapo wanapopita watu, akacheka mpaka machozi yakamchuruzika, na wanafunzi waliokuwa wakishuka wakampisha huku na huku, kama maji yanavyolizunguka jiwe.